Kompyuta mpakato ya skrini kubwa kwa kazi za ubunifu

Kompyuta mpakato ya skrini kubwa ni kompyuta ya kubebeka ambayo kioo chake hupima takriban inchi 15.6 hadi 18 kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala. Hutumiwa hasa na watu wanaohariri video na picha, kusanifu kadi na mabango, kutengeneza muziki au kuchora katuni, kwa sababu kazi hizo zinahitaji nafasi ya kutosha ya kuona picha pamoja na vifaa vya programu kwa wakati mmoja.

Katika Afrika Mashariki kompyuta ya aina hii mara nyingi ni mtaji wa biashara kuliko chombo cha starehe. Mtu mmoja anaweza kuitegemea kuendesha steshenari, studio ya picha na huduma ya video za harusi. Kwa sababu hiyo uamuzi wa kuinunua, kuitunza na kuilinda una uzito mkubwa kwa mmiliki wake, hasa katika miji midogo iliyo mbali na mafundi na maduka makubwa. Mfano ni Chanika, kata ya mji wa Handeni katika Mkoa wa Tanga, Tanzania.

## Jina

Kwa Kiswahili kifaa hiki huitwa *kompyuta mpakato*, yaani kompyuta inayoweza kupakatwa mapajani. Nchini Kenya hutumika pia *kipakatalishi* (wingi: vipakatalishi), na katika maandishi mengine *tarakilishi mpakato*. Madukani na mitaani watu wengi husema *laptopu*. Skrini yake huitwa kwa kawaida *kioo*.

## Historia

### Duniani

Kompyuta ya kwanza yenye umbo la kukunjwa linalofanana na la leo ilikuwa GRiD Compass, iliyosanifiwa na Mwingereza Bill Moggridge na kutolewa mwaka 1982. Skrini yake ilikuwa ya inchi 6 tu. Kwa miaka mingi baadaye kompyuta mpakato zilikuwa za kuandikia na kuhesabia, ilhali kazi za picha na sauti zilifanywa kwenye kompyuta za mezani.

Mwanzoni mwa karne ya 21 hali ilibadilika. Mnamo Januari 2003 kampuni ya Apple ilitangaza PowerBook G4 ya inchi 17, yenye uzito wa kilo 3 hivi. Kampuni hiyo iliacha kuuza kompyuta mpakato za inchi 17 mwaka 2012, kisha ikarudi kwenye skrini kubwa kwa modeli ya inchi 16 mnamo Novemba 2019. Kampuni nyingine zimekuwa na familia za mashine za kazi nzito, kama vile Dell Precision, HP ZBook na Lenovo ThinkPad P. Mwaka 2019 LG ilianza kuuza Gram 17, ambayo licha ya kioo cha inchi 17 ilikuwa na uzito wa takriban kilo 1.3, ikionyesha kwamba skrini kubwa si lazima iwe mzigo mzito.

### Afrika Mashariki

Nchini Tanzania kompyuta ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta bila kibali, na kwa muda mrefu chombo hicho kilibaki adimu. Vituo vya televisheni vya Tanzania Bara vilianza mwaka 1994, na katika miaka hiyohiyo studio za Dar es Salaam za watayarishaji kama Master J na P-Funk Majani ziliweka msingi wa muziki wa Bongo Fleva. Studio za wakati huo zilitumia kompyuta za mezani ambazo hazikuweza kuhamishwa kirahisi.

Nairobi ilipata umaarufu katika katuni kupitia *Tinga Tinga Tales*, iliyotengenezwa na Homeboyz na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010. Michoro yake ilifuata mtindo ulioanzishwa na Mtanzania Edward Saidi Tingatinga. Dar es Salaam ilifuata na *Ubongo Kids*, katuni ya kufundisha iliyoanza kurushwa na TBC1 mnamo Januari 2014.

Kufika kwa mkongo wa SEACOM mwaka 2009, pamoja na mikongo mingine iliyofuata, kuliwezesha watu kutuma na kupokea faili kubwa. Tangu hapo kompyuta mpakato yenye nguvu iliweza kufanya kazi ambazo zamani zilihitaji chumba kizima cha vifaa.

## Skrini

### Ukubwa

Tofauti ya inchi chache inaonekana ndogo kwa maneno, lakini eneo la kioo huongezeka kwa kasi. Kwa skrini zenye uwiano wa 16:9 hali ni kama ifuatavyo:

- inchi 14: upana sentimita 31.0, kimo sentimita 17.4, eneo takriban sentimita za mraba 540;
- inchi 15.6: upana sentimita 34.5, kimo sentimita 19.4, eneo takriban sentimita za mraba 670;
- inchi 17.3: upana sentimita 38.3, kimo sentimita 21.5, eneo takriban sentimita za mraba 825.

Hivyo kioo cha inchi 17.3 kina eneo kubwa kuliko cha inchi 14 kwa zaidi ya nusu. Mhariri wa video hutumia nafasi hiyo kuweka mstari wa vipande vya video chini, picha juu na orodha ya faili pembeni bila kufungua na kufunga madirisha kila mara. Skrini zenye uwiano wa 16:10, ambazo zimeenea upya tangu mwaka 2020 hivi, zina kimo zaidi na huwafaa watu wanaosanifu kurasa za vitabu na kadi.

### Pikseli

Ukubwa wa kioo haueleze wingi wa pikseli. Kioo cha inchi 17.3 chenye pikseli 1920 × 1080 kina pikseli 127 kwa kila inchi, ilhali cha inchi 15.6 chenye pikseli zilezile kina 141. Kwa hiyo skrini kubwa inaweza kuwa na picha isiyo kali kuliko ndogo. Skrini ya pikseli 3840 × 2160 huonyesha undani zaidi, lakini hutumia umeme mwingi na huitaka kadi ya grafiki ifanye kazi zaidi.

### Rangi

Kwa mbunifu, usahihi wa rangi ni muhimu kuliko ukubwa. Kipimo cha kawaida ni sRGB, kilichowekwa mwaka 1996. Skrini nyingi za bei nafuu hutangazwa kuwa na "asilimia 45 ya NTSC". Hizo huonyesha takriban theluthi mbili tu ya rangi za sRGB. Mtu anayesanifu kadi ya harusi kwenye kioo cha aina hiyo huongeza rangi ili ionekane iliyokolea, kisha kadi ikichapwa au kutazamwa kwenye simu ya mteja hutoka kali kupita kiasi.

Aina ya kioo pia ina maana. Vioo vya TN hubadilisha rangi mtazamaji anapoinama au kusogea pembeni. Vioo vya IPS na OLED hubaki karibu vilevile, hivyo vinafaa zaidi kwa kazi ambayo mteja huketi kando ya mhariri na kuchagua picha.

## Vifaa vya ndani

Skrini kubwa peke yake haifanyi kompyuta ifae kwa ubunifu. Baadhi ya kompyuta za inchi 15.6 na 17.3 zimetengenezwa kwa kazi za ofisi tu. Mambo makuu ya kuangalia ni haya:

- Prosesa huamua kasi ya jumla, hasa wakati wa kutoa video iliyokamilika.
- RAM ya GB 8 hutosha kusanifu kadi na kuhariri picha chache. Kwa video GB 16 ni mwanzo mzuri, na katuni za pande tatu huhitaji zaidi.
- Kadi ya grafiki ya pekee husaidia video, athari za picha na michoro ya pande tatu. Kwa kurekodi na kuchanganya muziki si ya lazima.
- Diski ya SSD hufungua faili haraka na haina sehemu zinazozunguka, hivyo huvumilia zaidi mitikisiko ya bodaboda na basi kuliko diski kuu ya zamani.
- Upozaji: mashine yenye nguvu hutoa joto jingi. Joto likizidi, prosesa hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue.

Baadhi ya mashine mpya zina RAM iliyolehemiwa kwenye ubao mkuu, ambayo haiwezi kuongezwa baadaye. Mnunuzi mwenye mtaji mdogo anayepanga kuongeza uwezo kidogokidogo hupaswa kujua jambo hili kabla ya kulipa.

## Programu

Programu nyingi za ubunifu hulipiwa kwa mwezi au mwaka, na malipo hayo huweza kuwa mzigo kwa studio ndogo. Kuna programu huria na za bure zinazofanya kazi nyingi kati ya hizo:

- GIMP na Krita kwa picha na uchoraji;
- Inkscape kwa nembo, kadi na mabango;
- Audacity kwa kurekodi na kusafisha sauti;
- Kdenlive kwa kuhariri video;
- Blender kwa katuni na michoro ya pande tatu, ambayo imekuwa programu huria tangu mwaka 2002.

Nakala za programu zilizovunjwa kufuli husambazwa kwa flashi katika miji mingi. Mbali na kuvunja sheria ya hakimiliki, nakala hizo ni njia mojawapo ya virusi vinavyofunga faili na kudai fidia. Kwa studio yenye picha za wateja wengi, hasara yake inaweza kuzidi bei ya programu halali.

Kiswahili si kigeni katika programu huria. Mwaka 2004 mradi uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili.

## Matumizi katika mji mdogo

Katika mji kama Chanika kazi za ubunifu hufuata kalenda ya jamii. Msimu wa mavuno huleta harusi, na pamoja nazo kadi za michango, mabango ya ukumbini, picha na video. Mahafali ya shule huleta vyeti na albamu. Kampeni za uchaguzi huleta mabango na fulana. Katikati ya misimu hiyo mmiliki hutegemea kazi ndogondogo: kuchapa barua, kupiga picha za pasipoti, kurekodi kwaya na kaswida, au kutengeneza matangazo ya WhatsApp kwa wenye maduka.

Kompyuta mpakato ina faida moja kubwa dhidi ya ile ya mezani: hubebwa hadi kwenye shughuli. Mpiga picha anaweza kunakili kadi za kamera ukumbini na kuonyesha picha za kwanza kabla wageni hawajaondoka. Hata hivyo ikiharibika, mara nyingi kipuri hakipatikani karibu. Kutoka Handeni hulazimu kuipeleka Korogwe, Tanga au Dar es Salaam, na kioo cha inchi 17.3 ni vigumu zaidi kukipata kuliko cha inchi 15.6, kwa sababu mashine za ukubwa huo ni chache sokoni.

## Umeme

Kompyuta mpakato ya kazi nzito huja na chaja ya wati 130 hadi 230 au zaidi. Betri yake kwa kawaida haizidi wati-saa 100, kwa kuwa hicho ndicho kiwango ambacho abiria wa ndege huruhusiwa kubeba bila kibali maalumu cha shirika la ndege. Betri ya wati-saa 90 huweza kudumu takriban saa 3 kwa kazi nyepesi ya wati 30, lakini hupungua hadi chini ya saa 1 mashine inapotumia wati 100 kutoa video. Aidha, mashine nyingi hupunguza kasi zisipokuwa kwenye umeme.

Ikitumia wastani wa wati 100 kwa saa 6 kwa siku, kwa siku 26 za mwezi, kompyuta hula uniti 15.6 za umeme. Kwa nyumba iliyo katika kundi la D1 la TANESCO, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya theluthi moja ya nusu ya ukomo huo. Anayefanyia kazi nyumbani hupaswa kulizingatia, kwa sababu kuvuka ukomo kunaweza kumhamishia kwenye kundi la bei ya juu.

Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 Tanzania ilikuwa na mgawo wa umeme. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024 na kupunguza uhaba. Hata hivyo kukatika kwa umeme kwa sababu ya hitilafu za laini, miti na radi ni jambo jingine, na huendelea kuwasumbua watumiaji walio mwisho wa laini ndefu.

Betri ya ndani huizuia kompyuta mpakato isizimike ghafla, faida ambayo ile ya mezani haina bila UPS. Hatari inayobaki ni umeme kurudi kwa nguvu nyingi. Stebilaiza au kizuia mishtuko ya umeme husaidia, na wakati wa radi ni salama zaidi kuchomoa chaja kabisa.

Umeme wa jua huwezekana ukipigiwa hesabu. Paneli ya wati 100 inayopata saa 5 za jua kali huzalisha takriban wati-saa 500 kwa siku. Baada ya upotevu katika betri na inveta hubaki kama wati-saa 350, ambazo hutosha mashine ya wati 80 kwa saa 4 hivi.

## Hifadhi ya kazi

Kupotea kwa faili ni hatari kubwa kuliko kuharibika kwa mashine, kwa sababu harusi hairudiwi. Kamera inayorekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde hujaza GB 22.5 kwa saa moja. Kamera mbili zikirekodi kwa saa 6 huzalisha GB 270, kiasi kinachozidi diski nzima ya GB 256.

Mfano unaojulikana unatoka Uganda. Isaac Nabwana, mwongozaji wa filamu wa Wakaliga jijini Kampala, alitengeneza *Who Killed Captain Alex?* mwaka 2010 kwa kompyuta alizoziunganisha mwenyewe. Faili asilia za filamu hiyo hazikubaki, kwa kuwa ilibidi zifutwe ili kupata nafasi ya kazi iliyofuata. Filamu hiyo baadaye ilitazamwa na mamilioni ya watu duniani kupitia intaneti, lakini kwa ubora wa nakala iliyosalia.

Kanuni inayopendekezwa na wataalamu ni kuwa na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja kati yake iwekwe mahali pengine. Kwa studio ndogo hiyo inaweza kumaanisha nakala moja kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje, na ya tatu kwenye diski inayotunzwa kwa ndugu au kukabidhiwa mteja. Kadi za kamera hazifutwi hadi nakala ya pili iwe imefunguliwa na kukaguliwa.

## Kununua mashine iliyotumika

Kompyuta nyingi za kazi nzito zinazouzwa Kariakoo na katika miji mingine zimetumika kwanza katika makampuni ya Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba. Huweza kuwa bora kuliko mashine mpya ya bei ileile, mradi zikaguliwe:

1. Kuwasha kioo katika rangi nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu, ili kuona madoa, mistari na pikseli zilizokufa.
2. Kufungua na kufunga kifuniko mara kadhaa. Bawaba za skrini kubwa hubeba uzito mwingi na hulegea mapema.
3. Kujaribu kila kitufe cha kibodi na kila tundu.
4. Kusoma taarifa ya betri. Katika Windows amri *powercfg /batteryreport* huonyesha uwezo wa awali na uliobaki.
5. Kucheza video nzito kwa dakika 20 au zaidi na kusikiliza feni.
6. Kuzima na kuwasha upya ili kuhakikisha haina nywila ya mmiliki wa zamani au kufuli ya kampuni.
7. Kudai risiti ya EFD yenye namba ya mashine. Risiti humlinda mnunuzi pia endapo mashine itadaiwa kuwa ya wizi.

## Gharama na mapato

Bei ya kununua ni sehemu tu ya gharama. Kwa mfano wa hesabu, mashine ya Sh 1,800,000 inayotarajiwa kufanya kazi miaka 3 hugharimu Sh 50,000 kwa mwezi kabla ya umeme, bando, matengenezo na diski za nje. Mmiliki asiyetenga kiasi hicho huona faida kila mwezi, kisha hukosa fedha za kununua mashine nyingine ya kwanza inapochoka.

Halmashauri nchini Tanzania hutakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kwa kawaida hutolewa kwa vikundi, hivyo vijana wanaoshirikiana kompyuta moja huhitaji kukubaliana mapema nani huitunza, nani huitumia lini na nani hulipa ikiharibika.

## Haki na faragha

Kazi za picha, muziki na filamu nchini Tanzania hulindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA). Kutumia wimbo wa msanii katika tangazo la biashara bila idhini kunaweza kuvunja sheria hiyo.

Kompyuta ya studio hubeba pia nyuso, majina na namba za simu za watu wengi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika mwaka 2023. Mmiliki hupaswa kufunga mashine kwa nywila, kusimba diski, na kufuta faili kabisa kabla ya kuiuza au kumwachia fundi asiyemfahamu.

## Matunzo na afya

Vumbi la kiangazi huziba feni. Kusafisha matundu ya hewa mara kwa mara na kuiweka mashine juu ya meza ngumu, si juu ya godoro au kitambaa, hupunguza joto. Skrini kubwa hupasuka kirahisi zaidi ikibanwa, hivyo mkoba wake huhitaji sponji pande zote.

Mtumiaji hushauriwa kukaa sentimita 50 hadi 70 kutoka kwenye kioo, kutumia kibodi na kipanya cha nje anapofanya kazi kwa saa nyingi, na kupumzisha macho kila dakika 20 kwa kutazama mbali. Betri iliyovimba haitobolewi wala kuchomwa moto. Huondolewa na fundi na kutenganishwa na taka za kawaida, kwa sababu huweza kuwaka.

## Tazama pia

- Kompyuta
- Bongo Fleva
- Tingatinga
- Hakimiliki
- Handeni
- Chanika (Handeni)